Bunduki ya Kwanza ya Mtoto: Msianzie Dukani

Kila mwaka baridi inapoanza hapa Durban na likizo ya katikati ya mwaka ikikaribia, wazazi wenzangu huniuliza swali lile lile. Mtoto amealikwa na rafiki yake wa darasani kwenda shambani kwao kuwinda. Tumruhusu? Likishajibiwa hilo, la pili huwa mlangoni: tumnunulie bunduki gani, isiyo ghali na isiyomuumiza bega?

Mwaka huu maswali yote mawili yameingia nyumbani kwangu. Mwanangu ana miaka 12, na amealikwa kwenye shamba lililo upande wa Mkuze, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Durban. Baba yake alikubali siku ile ile. Mimi nikasema sawa, lakini kwanza nijue ninachokubali.

Wengi wetu uwindaji hatukukua nao. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, kwa hiyo wazazi wengi wa Kenya wa rika langu hawajawahi kuona uwindaji wa halali nchini kwao. Tanzania unaruhusiwa kwa leseni, ila kwa sisi watu wa mjini bunduki ni kitu cha askari na mlinzi wa benki. Huku, kwa familia za mashambani, swala pala wa kwanza wa mtoto ni jambo la kusimuliwa miaka na miaka. Ukikataa bila sababu, mtoto anabaki nje ya hadithi za wenzake. Ukikubali bila kuuliza, unaweza kupata msiba. Tuna methali ya mtoto akililia wembe mpe, lakini wembe hukata kidole na kidole hupona. Kwa bunduki methali hiyo haifai.

Sheria inasemaje

Tuanze hapa, maana wazazi wengi wakishajua sheria hawana haja ya kufika dukani. Afrika Kusini inaongozwa na sheria ya silaha namba 60 ya mwaka 2000. Mtu hapewi cheti cha umahiri wa kumiliki bunduki kabla ya miaka 21, isipokuwa kwa sababu nzito zinazokubaliwa na sheria. Hata akiwa mtu mzima, lazima awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Ndugu zangu mnaoishi kwa karatasi za hifadhi, au kwa viza ya kazi au masomo, hapo safari ya kumiliki inaishia.

Lakini mtoto kutumia bunduki ni suala tofauti na kumiliki. Mwenye leseni aliyetimiza miaka 21 anaweza kumruhusu mtu mwingine atumie bunduki yake akiwa chini ya uangalizi wake wa karibu, mahali salama na kwa shughuli halali. Hivyo ndivyo watoto wa huku wanavyojifunza: kwa bunduki ya baba, mjomba au mwenyeji, naye akiwa amesimama ubavuni. Kwa hiyo swali letu la kweli ni hili: mtoto atashikishwa bunduki gani, na nani atakuwa kando yake?

Msukumo wa begani

Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Nguvu ya kurudi hutegemea uzito wa risasi, mwendo wake, kiasi cha baruti, na uzito wa bunduki yenyewe. Hili la mwisho ndilo linalowapoteza wazazi. Tunadhani bunduki nyepesi ni laini kwa mtoto, kumbe kwa risasi ile ile bunduki nyepesi hupiga bega kwa nguvu zaidi kuliko nzito.

Kuumia bega si tatizo kubwa kama hofu inayobaki. Mtoto aliyepigwa mara mbili au tatu hufumba macho na kujikaza kabla hajafyatua. Risasi inayumba, mnyama anapigwa tumboni badala ya moyoni, anakimbia na jeraha hadi usiku. Kuchagua bunduki yenye msukumo mdogo ni kumhurumia mtoto, na ni kumhurumia mnyama pia.

Risasi ya .22 ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 hivi, na bega karibu halihisi kitu. Hiyo ndiyo ya kujifunzia shabaha. Si ya swala, na msiidharau: huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima pawe na kingo ya udongo.

Kwa swala pala, ambaye dume lake lina kilo 60 hivi, wengi wanaoanza hupewa .243 Winchester. Risasi hii ilianza kuuzwa mwaka 1955, na ganda lake ni lile la .308 lililobanwa shingo libebe risasi ndogo. Kwa bunduki ya uzito wa kawaida, msukumo wake ni karibu nusu ya ule wa .308. Siku hizi pia kuna bunduki ndogo za 6.5 Grendel na 7.62×39, zinazofaa umbo la mtoto na zenye msukumo mdogo, mradi mnyama asiwe mbali. Mwenyeji akisema, "Atatumia .30-06 yangu, ndiyo niliyoanzia mimi," mshukuruni kwa adabu na mkatae.

Hapa nchini wawindaji wengi hufunga kiwambo cha sauti kwenye mtutu, na sheria inaruhusu. Hupunguza mlio na msukumo pia. Hata hivyo mtoto avae viziba masikio na miwani. Sikio lililoharibiwa na mlio wa bunduki halirudi.

Kipimo cha mkono

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humpa mtoto wa kiume upinde angali mdogo sana, upinde wa saizi yake, na kadiri anavyokua anabadilishiwa. Hawamkabidhi wa baba yake wakisema ataukulia. Bunduki nayo ni hivyo. Kitako cha mtu mzima huwa na sentimita 34 au 35 kutoka mwisho wake hadi kwenye kifyatulio. Mtoto wa miaka 12 mara nyingi huhitaji 30 hadi 32. Kikizidi, hujipinda nyuma kama anayebeba ndoo, na jicho linakaa vibaya kwenye darubini. Likiwa karibu mno, msukumo humchana nyusi.

Akunje kiwiko kwa pembe mraba na kitako kiwekwe juu ya mkono: kidole kifike kwenye kifyatulio bila kunyooshwa.

Gharama

Kwa wenye haki ya kumiliki, bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongezeni mafunzo, maombi ya cheti, leseni ya kila bunduki, kabati la chuma la kiwango kinachotakiwa, darubini na risasi. Kwa familia inayolipa kodi ya nyumba, karo na nauli za kwenda nyumbani, ni mzigo mkubwa kwa kitu cha kutumika siku chache kwa mwaka. Nafuu ni kulipia masomo machache kwenye uwanja wa shabaha, ambako mwalimu na bunduki vipo. Na risasi za .22 ni rahisi kuliko za .243 mara nyingi, hivyo mtoto anaweza kupiga nyingi hadi mkono utulie.

Kuna pia bunduki ya upepo. Ile ya kawaida ya 4.5 mm haihesabiwi na sheria kuwa silaha ya moto, wala haihitaji leseni. Inafundisha pumzi, utulivu na nidhamu ya kidole. Lakini hutoboa jicho na huua ndege, kwa hiyo si ya kuchezea uani wala kwenye baraza la fleti.

Kabla ya kusema ndiyo

Mpigieni simu mwenyeji. Ulizeni: nani hasa atakuwa kando ya mtoto wakati wote? Watakuwa wawindaji wangapi, na kuna pombe? Bunduki hulala wapi usiku, na nani ana ufunguo? Mtoto atapiga shabaha mara ngapi kabla ya kuonyeshwa mnyama? Mwenyeji mwema hakasiriki. Wazazi wa mashamba huulizana haya haya, na "oom" anayeheshimika, kama mjomba kwetu, hujibu hata kabla hujamaliza. Akicheka na kusema mnaogopa bure, mtoto abaki nyumbani.

Kwa sisi Waislamu, ulizeni sheikh wenu mapema kuhusu nyama. Mpigaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na mnyama akikutwa hai achinjwe. Mweleze mwenyeji kabla ya safari, si mbele ya mzoga.

Mwisho, muulizeni mtoto mwenyewe, peke yake, kama anataka kuua mnyama au anataka tu kwenda na rafiki yake. Wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema angependa kwenda, apige shabaha, na kuhusu swala ataamua huko. Nimemwambia hilo linatosha, na nimemwambia mwenyeji vivyo hivyo: akisema hapana dakika ya mwisho, asishawishiwe wala asichekwe. Mwenyeji amekubali. Jumamosi hii tunaanza na .22 uwanjani.