Kijana ameota ndevu, anunuliwe brashi ipi?

Likizo ya Juni ikifika, wazazi wengi wa Kasulu na Kibondo hupokea kijana aliyebadilika. Januari aliondoka na uso laini. Sasa amerudi kutoka bweni akiwa na kivuli juu ya mdomo na nywele chache kidevuni. Siku mbili hazipiti, vifaa vya baba vya kunyolea vinaonekana vimehamishwa dirishani, na brashi imelowa wakati baba hajanyoa tangu Jumapili.

Wazazi wengine hucheka wakanyamaza. Wengine humpa kijana hela ya saluni. Wapo wanaomwonya kuhusu wembe, na hilo ni jema, kwa sababu kila mtu ameshasikia kwamba wembe hauazimwi. Brashi ndiyo inayosahaulika. Hupita kwenye uso wa baba, wa kaka mkubwa na wa mgeni, ikarudishwa kwenye kikombe ikiwa mbichi. Na siku ya kununua mpya, huchukuliwa yoyote iliyopo dukani.

Kwa kuwa kijana atanyoa kwa miaka mingi ijayo, mzazi ana sababu ya kumsaidia kuchagua vizuri mara ya kwanza.

Kazi ya brashi

Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, na wembe huuvuta kabla ya kuukata. Ukilowa maji vizuri hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Brashi hufanya mambo matatu kwa pamoja: hupeleka maji na sabuni hadi kwenye shina la unywele, huinua nywele zilizolala, na husugua ngozi iliyokufa. Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda hizi za juu ni za baridi, na maji ya ndoo huwa kama yametoka kisimani. Kikombe kimoja cha maji ya moto kutoka jikoni kinasaidia kuliko sabuni ya bei kubwa.

Hata hivyo, mtu anaweza kupaka povu kwa vidole akanyoa vizuri. Kijana mwenye nywele kumi tu juu ya mdomo bado hahitaji brashi, wala halazimiki kunyoa. Mkasi mdogo unatosha. Asitishwe pia na maneno ya mtaani kwamba ukinyoa mapema ndevu zitakuwa nene. Wembe haufiki kwenye mzizi. Unywele uliokatwa huhisiwa mgumu kwa sababu ncha yake imekuwa butu.

Aina nne za nywele za brashi

Brashi hutofautiana hasa kwa nywele zake. Mpini ni pambo, uwe wa mti, wa plastiki au wa pembe.

Ya kwanza ni ya nywele za nguruwe. Ni ngumu, husugua kwa nguvu, na kwa kawaida bei yake si kubwa. Lazima ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu kabla ya kutumika, la sivyo inachoma. Siku za mwanzo hutoa harufu ya mnyama, lakini ikitumika kwa wiki kadhaa harufu huisha, ncha hupasuka na brashi hulainika. Anayeichukia siku ya kwanza huenda akaipenda mwezi wa pili.

Ya pili ni ya nywele za farasi, zinazokatwa mkiani au shingoni. Ni laini kuliko za nguruwe lakini bado zina nguvu.

Ya tatu ni ya nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia. Warina asali wa Kibondo wanamjua ndugu yake, nyegere, yule anayevunja mizinga bila kuogopa nyuki. Wote wawili ni wa jamii moja, lakini nywele za brashi hutoka kwa melesi, na nyingi siku hizi hutoka China. Hunywa maji mengi, hukaa na joto, na ncha zake ni laini. Kwa hiyo bei yake ni kubwa kuliko zote.

Ya nne ni ya nailoni na plastiki nyingine. Nailoni ilitengenezwa na kampuni ya DuPont ya Marekani miaka ya 1930, na mwaka 1938 ikaingia sokoni kama nywele za mswaki. Brashi za mwanzo za nailoni zilikuwa ngumu na hazikushika maji. Zilizo nzuri za siku hizi ni laini, hazihitaji kulowekwa, hazinuki na hukauka haraka. Kwa nyumba yenye kijana anayesahau kuanika vitu vyake, hiyo ni sifa kubwa.

Kujua ni ya nini

Mara nyingi muuzaji hajui brashi yake ni ya nywele gani, na boksi huandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi. Kwa familia za Kiislamu suala hili ni zito, kwa kuwa hawataki kitu cha nguruwe kigusane na uso. Kwa wengine ni suala la kutolipa bei ya melesi kwa kitu cha plastiki.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani. Chomoa unywele mmoja, ushike kwa kibano na uuguse kwenye moto wa kiberiti. Nywele za mnyama hunuka kama nywele za kichwani zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Plastiki huyeyuka ikaacha kitone kigumu. Kipimo hiki hakisemi ni mnyama gani. Kwa hiyo asiyetaka nguruwe, na hana uhakika, achukue ile iliyoyeyuka.

Mzazi aitazame pia gundi. Avute nywele kidogo dukani. Brashi mpya kuacha nywele mbili tatu ni kawaida, lakini zikitoka kwa kishungi, airudishe mezani.

Kwa nini si ya mtumba

Brashi ya zamani yenye mpini mzuri inaweza kuvutia kwenye rundo la vitu vilivyotumika. Ni vema ikaachwa hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nywele za melesi ziliadimika, na viwanda vikaanza kutumia nywele za farasi zilizopakwa rangi zifanane nazo. Baadhi hazikuwa zimesafishwa ipasavyo na zilibeba vijidudu vya kimeta, ugonjwa uleule unaoogopwa na wafugaji wetu. Askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kupitia mikwaruzo midogo ya wembe, na baadhi walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Brashi mpya za leo hazina historia hiyo, kwa sababu nywele za wanyama husafishwa kabla ya kufungwa. Lakini mwaka 1917 au 1918 hauandikwi kwenye mpini, na mbegu za kimeta huweza kuishi miaka mingi sana. Brashi kuukuu ya nywele za mnyama isiyojulikana ilikotoka haifai kwa uso wa mtoto.

Uso ndio uamue

Hapa ndipo upendeleo wa mtu unapoingia, na baba asimlazimishe kijana apende anachopenda yeye.

Mwenye ndevu nene na ngozi isiyosumbua anaweza kuifurahia brashi ngumu ya nguruwe. Mwenye ngozi nyepesi, inayowasha au yenye chunusi, atafaa zaidi na nailoni laini au, akiweza, melesi. Farasi ni ya aliye katikati. Namna ya kujaribu ni kuibonyeza nyuma ya kiganja. Ikichoma pale, shingoni itachoma zaidi.

Tatizo kubwa kwa vijana wetu ni vipele vya baada ya kunyoa. Nywele zinazojisokota, zikikatwa chini kabisa, hurudi kuchimba ngozi kama mwiba, kisha huvimba, huwasha, na huacha madoa meusi. Brashi inayozungushwa taratibu huziinua nywele kabla hazijakatwa, lakini peke yake haitatibu. Kijana afundishwe kunyoa kwa kufuata nywele zinakolala, asivute ngozi, na asirudie sehemu moja mara tatu. Nyembe zenye makali matatu au manne zinaweza kukata chini ya usawa wa ngozi na kuongeza shida. Vipele vikiwa vimeiva, aache wembe na brashi hadi vipone. Akitaka kupunguza ndevu, mashine ibakize nywele fupi. Vikizidi, au vikianza kujenga uvimbe mgumu kisogoni, apelekwe hospitali au kituo cha afya, kwani kovu la namna hiyo likikua ni gumu kuondoa.

Sabuni ya mawese

Mkoa wa Kigoma unajulikana kwa mawese, na sabuni ya mawese si ya kudharauliwa kwenye kikombe cha kunyolea. Povu lake si kubwa kama la sabuni ya nazi, lakini ni zito na halipotei upesi, na hilo ndilo mnyoaji analitaka. Sharti ni moja: iwe imekomaa. Sabuni iliyotengenezwa kwa magadi makali na kuuzwa ikiwa mbichi inaweza kuunguza ngozi. Ikae wiki nne hadi sita sehemu yenye hewa. Kama inachoma mikono wakati wa kufua, isipelekwe usoni.

Kila mtu na yake

Mzazi akisahau yote yaliyotangulia, akumbuke hili: brashi ni kama mswaki. Haiazimwi.

Mtu anaponyoa hujikata hata bila kuona damu. Akipaka povu mara ya pili ili kumalizia, brashi hupita juu ya mikwaruzo hiyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 bado vikiwa na uwezo wa kuambukiza. Wapo pia fangasi na bakteria wa majipu, ambao hupenda kitu chenye unyevu na mabaki ya sabuni.

Hapa saluni inahusika. Wembe hubadilishwa mbele ya mteja, na mashine hupitishwa spiriti. Brashi ya povu, na ile ya kukung'uta nywele shingoni, mara nyingi huhudumia watu wote kuanzia asubuhi hadi usiku. Brashi ya nywele za mnyama haichemshwi kwa kuwa nywele huharibika na gundi huachia, kwa hiyo kuisafisha baina ya wateja ni kazi ngumu. Mtoto aliyeenda kunyolewa kipara anaweza kurudi na mapunye yasiyotoka kwenye mashine bali kwenye brashi ya shingoni.

Jibu halihitaji ugomvi na kinyozi. Kijana anaweza kwenda na brashi na wembe wake, au akaomba povu lipakwe kwa mkono uliooshwa. Kwa shingo, kitambaa safi kutoka nyumbani kinatosha. Hivyo hivyo kwenye misiba, kwa familia zenye desturi ya kunyoa ndugu wote siku moja: kila kichwa kiwe na wembe wake, na brashi ikae kando kabisa.

Kuitunza

Baada ya kunyoa, brashi isuuzwe hadi maji yatoke meupe, ikung'utwe, kisha ianikwe penye hewa. Isiachwe ndani ya kikombe chenye maji, wala isifungiwe kwenye mfuko ikiwa mbichi. Anayerudi bweni apewe mfuko wa kitambaa badala ya nailoni, na alama ya rangi kwenye mpini ili isichanganyike na za wenzake. Masika, wakati vitu havikauki, brashi ya nailoni huwa na nafuu kubwa kuliko ya mnyama. Ikianza kunuka au kuota ukungu, itupwe.

Kwa mzazi mwenye fedha kidogo, chaguo si gumu. Vijana wawili wakiwa na brashi mbili za nailoni za bei ya chini wako salama kuliko familia nzima inayoshirikiana brashi moja ya melesi. Baba naye anaweza kubaki na ile yake ya nguruwe aliyoizoea, mradi aiondoe dirishani na kuipa mahali pake.