Naye Amezamia

Kiswahili cha mtaani kina neno moja kwa mtu aliyeingia nchi ya watu kwa matembezi, au bila ruhusa kabisa, kisha akabaki: amezamia. Zamani alikuwa kijana aliyejibanza ndani ya meli bandarini, akaibukia Ugiriki au Afrika Kusini. Siku hizi ni hata yule aliyepanda ndege na viza halali ya kutembea, kisha akaanza maisha. Mzamiaji, katika masimulizi yetu, anatembea akigeuka nyuma.

Sasa nikuulize. Yuko mtu anaishi Mwanza mwaka wa tatu. Amepanga nyumba Capri Point, ana pikipiki na mbwa wawili, na kila siku anafanya kazi ya kulipwa kwa kompyuta. Kila baada ya miezi mitatu anapanda basi la Sirari, anavuka upande wa Kenya, anakunywa chai, anarudi na mhuri mpya wa utalii. Huyo tunamwitaje?

Tunamwita mgeni wetu. Mimi nasema naye amezamia, na kwamba kukataa kulitumia neno hilo kwake kunatugharimu.

Tuanze na karatasi. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, kuingia mara moja, siku zisizozidi 90. Mmarekani analipa dola 100, anaingia mara nyingi kwa mwaka mzima, ila kila ziara isipite miezi mitatu. Ni viza za kuona Serengeti, kusalimia marafiki, kuondoka. Anayetaka kuishi ana mlango wake, kibali cha ukaazi: Daraja A kwa mwekezaji na aliyejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na anayejitolea. Ndiyo, hata kufundisha watoto kuchora bila malipo kunataka kibali.

Sasa piga hesabu. Mihuri minne ya siku 90 ni siku 360. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mkaazi akiwa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa siku zilezile, ni mkaazi mbele ya sheria ya kodi na ni mtalii mbele ya mhuri. Kijana wa kibanda cha miamala pale Kirumba hana bahati ya kuwa watu wawili. Akichelewa kulipa, anafuatwa dirishani. Huyu mwingine kila siku ya tisini anazaliwa upya mpakani, mtoto mchanga asiyedaiwa.

Jaribu wewe kuzaliwa upya hivyo Ulaya. Nchi za Schengen zinahesabu siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukitoka leo ukarudi kesho, siku ulizokwisha kutumia zinakusubiri mlangoni. Na tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso, ili mashine ihesabu bila kusahau. Marekani nayo, mwezi huohuo, iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya utalii au biashara anaweza kudaiwa dhamana ya hadi dola 15,000 kabla ya kupewa. Sababu yao ni hofu kwamba atazamia.

Nilipoomba viza ya siku tisa kwenda kusoma makala yangu kwenye kongamano, niliambatisha barua ya chuo, taarifa ya benki ya miezi sita na tiketi ya kurudi. Nilinyimwa kwa maelezo kwamba nia yangu ya kurudi nyumbani haikuthibitika. Siku tisa! Huku kwetu mtu ana mkataba wa nyumba wa mwaka mzima, na hakuna anayemuuliza nia yake.

Utasema hata Watanzania wanafanya. Kweli. Wapo walioenda Dubai kwa viza ya matembezi wakitafuta kazi, wakatoka hadi Oman ili waingie upya. Lakini wanajua wanachofanya, na wanajua bei yake: aliyepitiliza muda anatozwa dirhamu 50 kwa kila siku. Hakuna aliyewaandikia makala ya kusifu maisha yao huru. Na vijana wa Ethiopia wanaokamatwa hapa wakipita kuelekea kusini, magazeti yetu yana jina lao tayari: wahamiaji haramu. Wale wanapita tu, hata kukaa hawataki.

Wengine watasema, "Lakini huyu analeta hela." Analeta kodi ya nyumba na pesa ya sato. Mfanyabiashara anayetoka nchi jirani kuja Mwaloni kununua dagaa kwa magunia naye analeta hela, na haimwepushi na maswali ya karatasi. Kama hela ndiyo hoja, basi kibali nacho kina ada, na kipato kina kodi. Anayetupenda kiasi cha kuishi nasi aanzie hapo.

Sitaki misako ya usiku wala watu kufungashwa virago. Hata huyu wa Capri Point anaishi vibaya kuliko anavyojua: ofisa mmoja wa Sirari akikataa kugonga mhuri, nyumba yake, mbwa wake na labda mpenzi wake vinabaki upande wa pili. Ninachotaka ni mambo mawili. Kwanza, tuhesabu siku kama zinavyohesabiwa za kwetu. Tuna Uhamiaji Mtandao tangu 2018, na mashine haioni aibu mbele ya mtu yeyote. Pili, tufungue mlango wa kweli wenye bei. Morisi ilianzisha viza ya mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi za mbali mwaka 2020. Namibia ikafuata 2022 na ya miezi sita, kwa wenye kipato kinachothibitika. Sisi tunauza siku 90, kisha tunaangalia pembeni.

Kuangalia pembeni nako ni sera. Inamfundisha mtoto wa Kirumba kwamba mipaka iliwekwa kwa ajili ya watu wa aina yake, na kwamba wengine wanaivuka kwa chai. Siku atakaponyimwa viza atadhani ni haki, maana hata nyumbani aliona hivyo.

Basi tuanze na lililo bure, yaani neno. Ukimkuta jirani yako mtalii wa miaka mitatu, msalimie vizuri, mkaribishe ugali na sato, kisha muulize kwa upole amezamia tangu lini.