Pikipiki Mpya Haitaki Pupa

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma hapa habari za michezo, midahalo na mitihani. Mimi leo nataka kusema machache juu ya pikipiki, na sababu yangu ni hii: wengi wetu katika shule hii twavaa sare na twanunua madaftari kwa fedha ya bodaboda. Pikipiki ikifa mapema nyumbani, madaftari nayo huadimika.

Baba yangu mdogo alinunua kwa mkopo pikipiki mpya yenye injini ya CC 125. Siku ile ile alipoitoa dukani aliipakia abiria wawili na gunia la mahindi, akapanda nayo mlima wa kijijini kwetu, mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho. Watu walishangilia. Mimi nami nilishangilia, maana nilikuwa mmoja wa abiria wale. Haukupita mwaka, ikaanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili. Fundi alipoifungua alikuta ringi na silinda zimelika. Siwezi kuapa kwamba kosa lilikuwa la mlima ule peke yake, lakini fundi aliuliza swali moja tu: "Siku za kwanza mliipakia nini?" Hakuna aliyejibu. Pikipiki ikalala, marejesho ya mkopo hayakulala.

Nilimwomba fundi anieleze. Alisema kuwa ukuta wa silinda mpya si laini kabisa. Una mikwaruzo midogo ya kushika oili. Ringi za pistoni husuguana na ukuta huo mpaka zikaelewana nao, ndipo huziba sawasawa. Ukiilemea injini kabla ya wakati, joto huzidi na vyuma huumizana. Unga wa chuma unaotoka katika kusuguana huko huingia ndani ya oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema.

Basi yafaa kufanya nini? Vitabu vingi vya maelezo hutaja kilometa 500 au 1,000 za mwanzo, na kila mtu afuate kitabu cha pikipiki yake. Katika muda huo usifungue mafuta mpaka mwisho, wala usipande mlima kwa gia kubwa injini ikigugumia. Usishike mwendo mmoja tu kwa safari nzima. Punguza na ongeza. Usiiache ikinguruma muda mrefu imesimama. Breki na matairi mapya pia havijashika vizuri, kwa hiyo kata kona kwa uangalifu. Kisha irudishe kwa fundi akabadilishe oili, akaze nati na kuurekebisha mnyororo.

Wako wasemao kwamba injini ni lazima ikazwe tangu siku ya kwanza, ili ringi zikae. Neno lao lina ukweli kidogo, kwani kuibembeleza mno nako hakufai. Ringi zahitaji msukumo kiasi ili zikae. Lakini msukumo kiasi si gunia la mahindi mlimani.

Wengine husema: "Mwenye deni hana nafasi ya kubembeleza." Hili ndilo jambo zito, nami silidharau. Marejesho yakianza kudaiwa siku ya kwanza, dereva hulazimika kupakia siku ya kwanza. Lakini tupige hesabu. Anayekwenda kilometa 100 kwa siku humaliza kilometa 1,000 kwa siku kumi. Katika siku hizo hakatazwi kazi; achukue abiria mmoja mmoja, aache mizigo na milima mikali. Kwa hiyo nawaomba wazazi wanaompa kijana pikipiki alete hesabu kila jioni, na wote wanaokopesha, wapunguze hesabu ya siku kumi hizo. Hasara yao itakuwa ndogo kuliko kungoja marejesho kutoka kwa pikipiki iliyokufa.

"Haraka haraka haina baraka" twaiandika kila mwaka katika insha, na walimu hutupa alama. Dukani, siku ya kupokea funguo, twaisahau. Baba mdogo sasa anaitengeneza injini ile ile, silinda mpya na ringi mpya. Safari ya kwanza nitakwenda kwa miguu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu