Andrés Bado Anadai

Wacha niseme mapema tusipotezeane muda: filamu ya Man of La Mancha ilimsaliti Don Quixote, na usaliti wenyewe umejificha ndani ya ule wimbo ambao watu wanaupenda kuliko zote. Unaujua hata kama filamu hujaitazama. Ni ule wa ndoto isiyowezekana. Ni mtamu, hilo sikatai. Lakini umetundikwa shingoni mwa kitabu ambacho kinauliza swali ambalo wimbo hauthubutu kuliuliza: wewe ukiota, nani analipa?

Tuanze na ukoo wa hiki kitu, maana wengi wanachanganya. Miguel de Cervantes alichapisha sehemu ya kwanza ya riwaya yake mwaka 1605, na ya pili mwaka 1615. Ukizijumlisha ni sura 126. Mwaka 1959 Mmarekani Dale Wasserman aliandika mchezo wa televisheni kumhusu Cervantes na shujaa wake. Mwaka 1965 ukapanda jukwaani New York ukiwa mchezo wa muziki, Mitch Leigh akitunga muziki na Joe Darion akiandika maneno. Watu wakaupenda ajabu. Mwaka 1972 Arthur Hiller akautolea filamu: Peter O'Toole akiwa Don Quixote, Sophia Loren akiwa Aldonza, James Coco akiwa Sancho. Na hapa pana kichekesho. O'Toole anapofungua mdomo kuimba, sauti unayoisikia si yake. Ni ya mwimbaji mwingine, Simon Gilbert. Hata kwenye wimbo wa kusifu ndoto, kuna mtu amefanya kazi ngumu na sura iliyopigiwa makofi ni ya mwingine. Shika hapo, tutarudi.

Sitasema filamu ni takataka. Wazo lake la msingi ni zuri: Cervantes yuko gerezani akingoja mahakama ya Kanisa inayosaka wazushi, wafungwa wenzake wanamfungulia kesi ya mchezo, naye anajitetea kwa kuigiza hadithi ya Don Quixote. Cervantes mwenyewe, kwenye dibaji yake, anadokeza kwamba kitabu kilitungwa mimba gerezani. Lakini angalia jinsi filamu inavyomsafisha. Cervantes wa historia alifungwa Seville mwaka 1597 kwa sababu ya hesabu. Alikuwa mkusanya kodi, mwenye benki aliyemwekea pesa za serikali akafilisika, na serikali ikamdai yeye. Hakukuwa na ushujaa wowote pale. Ilikuwa deni tu, kama la mimi na wewe. Filamu inamtaka shahidi wa imani na uhuru, kwa hivyo deni linafichwa na wazushi wanaletwa mbele.

Ukishaona hilo, utaona mkono uleule kila mahali. Kila kinachonuka pesa, njaa na malipo kwenye kitabu, filamu inakipitisha mlango wa nyuma.

Chukua Andrés. Humjui? Ni kwa sababu filamu haimtaki. Kwenye sura ya 4 ya riwaya, Don Quixote akiwa ndiyo mwanzo ametoka kwao kutafuta makuu, anasikia kilio msituni. Anakuta kijana wa miaka 15 amefungwa kwenye mti, kifua wazi, tajiri wake anamchapa mshipi. Tajiri anasema kijana anapoteza kondoo. Kijana anasema anapigwa kwa sababu ameuliza mshahara wake: miezi 9, reali 7 kila mwezi. Piga hesabu mwenyewe, ni 63. Tajiri naye anajitetea vile matajiri hujitetea popote pale, ati toa pesa ya jozi tatu za viatu, toa pia gharama ya matibabu. Don Quixote anamwamuru amfungue kijana na amlipe. Tajiri anaapa kwamba pesa ziko nyumbani. Andrés anamwambia shujaa wazi: huyu mtu hataniacha salama ukiondoka. Shujaa anasema kiapo kinatosha, anapanda farasi, anaenda zake akijisifu kwamba leo haki imetendeka. Hata vumbi halijatulia, Andrés amefungwa tena mtini, na safari hii anapigwa nusura afe.

Cervantes angeweza kuliacha hapo likabaki kuwa mzaha. Hakuliacha. Sura ya 31 Andrés anarudi. Don Quixote anafurahi kumwona, anawaambia wenzake, haya, mwulizeni huyu awasimulie nilivyomwokoa. Kijana anasimulia yote. Halafu anamwomba shujaa kitu kimoja: siku nyingine ukinikuta nakatwa vipande vipande, pita, usinisaidie. Anawalaani mashujaa wote wa duniani, anapokea mkate na jibini kutoka kwa Sancho, anaondoka. Don Quixote anabaki na aibu usoni.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo riwaya. Vinu vya upepo ni vya kuchekesha tu, kinu hakiumii. Andrés anaumia. Na mtu aliyemwumiza si tajiri peke yake. Ni pia yule aliyeona kwamba nia nzuri na hotuba nzuri zinatosha, na hakubaki pale kuhakikisha mtu amelipwa.

Sasa Aldonza. Hapa watetezi wa filamu huwa wanadhani wameshinda. Wanasema kitabuni Dulcinea hana hata mwili, ni jina tu ambalo Don Quixote amelipachika juu ya msichana wa shamba wa El Toboso, Aldonza Lorenzo, ambaye haonekani hata mara moja katika sura zote 126. Filamu, wanasema, imempa sauti, hasira na uso wa Sophia Loren. Ni kweli amepewa hasira, na akiwa amekasirika ndipo filamu inakaribia ukweli. Yeye ni mtumishi wa nyumba ya wageni na anauza mwili, na anamwambia Don Quixote kwamba hayo majina yake matamu yanamuuma kuliko matusi ya wanaume wengine, kwa sababu yanamwonyesha mbingu asiyoweza kuifikia. Kabla ya hapo wanaume wa msafara wa nyumbu walikuwa wamemteka na kumbaka, baada ya yeye kuwahudumia majeruhi wao kwa sababu Don Quixote alimfundisha huruma.

Ungetarajia filamu isimame hapo na kuuliza: huyu mwanamke amelipia ndoto ya nani? Haiulizi. Inamleta kitandani kwa mzee anayekufa ili amkumbushe ndoto yake, na mzee akishakufa, Aldonza anasema jina lake sasa ni Dulcinea. Tunatakiwa tulie kwa furaha. Mimi naona mwanamke aliyebakwa, hana hata senti, na cha mwisho alichokuwa nacho, jina alilopewa kwao, amelitupa ili avae lile alilobuniwa na mwanaume aliyemjua siku chache. Aldonza wa kitabuni angalau ameachwa na shamba lake. Sancho anayemfahamu anamsifu kwa nguvu zake na sauti yake ya kusikika mbali. Hajui lolote kuhusu upuuzi huu, na anaishi vizuri kabisa bila kuujua.

Halafu mwisho. Katika filamu, mzee anaugua akiwa amesahau kila kitu, Aldonza anamkumbusha, anainuka kitandani, anaimba, anakufa akiwa shujaa. Katika riwaya ni kinyume kabisa. Don Quixote ameshindwa ufukweni Barcelona na amerudi kijijini. Anashikwa na homa. Analala usingizi mrefu, na anapoamka akili zimerudi. Anasema yeye ni Alonso Quijano, havitaki tena vitabu vya mashujaa. Anamwomba Sancho msamaha kwa kumfanya naye aonekane mwendawazimu. Anaita mwandishi wa wosia, na jambo la kwanza kwenye wosia ni pesa za Sancho. Halafu anapanga mshahara aliokuwa akimdai mtumishi wa nyumbani ulipwe. Sancho analia, anamsihi asife, waende wakawe wachungaji. Huo ndio wakati mchungu zaidi kwenye kitabu, kwa sababu sasa Sancho ndiye aliyeambukizwa ndoto, na mwenye ndoto ameshaamka.

Soma tena hapo: mtu anapopata akili, kitu cha kwanza anachofanya ni kulipa watu. Filamu iliona hilo halina muziki ndani yake.

Na si kwamba hakuna aliyewatahadharisha. Kabla ya Darion, maneno ya nyimbo alikuwa amepewa mshairi W. H. Auden. Kwa simulizi ya Wasserman, Auden alishikilia kwamba Don Quixote lazima aikane safari yake mwishoni, kama kitabu kinavyotaka. Wakaachana. Mshairi akaenda zake, na ndoto ikabaki.

Kuna jibu moja ambalo linastahili heshima. Wasserman alisema hakuwa anaigiza riwaya, alikuwa anamwenzi Cervantes, mtu aliyepigwa na maisha akaendelea kusimama. Sawa, tumwangalie basi. Alijeruhiwa vitani Lepanto mwaka 1571, mkono wa kushoto ukalemaa. Alitekwa baharini mwaka 1575, akakaa mateka Algiers miaka mitano, akajaribu kutoroka mara nne. Mwaka 1590 aliomba kazi katika makoloni ya Marekani, serikali ikamjibu atafute kitu hapohapo nyumbani. Huyu alijua ndoto kuliko mtunzi yeyote wa New York. Na mtu huyo, alipokaa kuandika, hakuandika wimbo wa kutiana moyo. Aliandika kuhusu Andrés. Ukitaka kumwenzi, mwamini alichokiandika.

Ninaandika haya nikiwa na miaka ishirini na kitu, chuo nilikiacha njiani, na ninaishi kwa makala. Kwa hivyo watu wa ndoto ninawajua vizuri, ndio wanaonipa kazi. Kuna mmoja, simtaji, aliyenitumia ujumbe mrefu kuhusu kuamini kipaji changu siku nilipouliza malipo ya makala tatu. Alikuwa na maneno matamu sana. Alinikumbusha kwamba wakubwa wote walianza bila kulipwa. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na mwenye nyumba wangu hapokei kipaji. Wenzangu wengi wana huyo mtu kwenye simu zao. Wanakuita msanii, wanakuita mpambanaji, wanakuita kila jina isipokuwa mtu anayedai.

Ndiyo maana siwezi kuutazama ule wimbo kama burudani tu. Kusifu ndoto bila kutaja gharama ni biashara, na wateja wake ni sisi tusio na kitu. Tajiri wa Andrés angeupenda sana. Angewaimbia wachungaji wake kila asubuhi kabla hawajatoa kondoo malishoni.

Usinielewe vibaya, sisemi tuache kuota. Cervantes mwenyewe anampenda mzee wake, hilo linaonekana kila ukurasa, na wasomaji wa miaka mia nne wamempenda pia. Lakini anampenda akiwa amemshika kola, akimwonyesha kila mwili ulioumia nyuma ya farasi wake. Filamu imemwachia kola ile. Kama una jioni moja, itazame, Loren ni mzuri na picha ni nzuri. Kisha tafuta kitabu, ufungue sura ya 4, uruke mpaka 31. Utakuta kijana amesimama njiani na makovu mgongoni. Reali zake 63 hazijalipwa mpaka leo, na hakuna wimbo ulioandikwa kwa ajili yake.