Usafi usio na kipimo ni sumu

Ni miji michache duniani iliyofundishwa matumizi ya klorini kwa gharama kubwa kama Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kuzuka Mangina, karibu na Beni, hadi tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwisha, watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao wakafa. Siku zile ndoo yenye bomba ilisimama mlangoni pa soko, kanisa, shule na ofisi, na harufu ya klorini ikawa harufu ya mji. Mtu angetazamia kwamba wakazi waliopita shule hiyo wawe wagumu kudanganywa kuhusu Javel, ile klorini ya maji. Hata hivyo, simu zetu zinaendelea kupokea video zinazofundisha kuchanganya Javel na ndimu ili choo king'ae, kuongeza siki ili dawa iwe kali zaidi, kulowekea mboga ndani ya Javel ili wadudu wasibaki. Nyingi za video hizo hazisemi uongo mtupu, na hiyo ndiyo hatari yake. Zinaanza na jambo la kweli, kwamba Javel huua vijidudu, kisha zinaacha nje kile kinachoifanya Javel iwe dawa badala ya sumu, yaani kipimo.

Tukumbuke zile ndoo zilivyokuwa. Kwenye vituo vya matibabu zilikuwa mbili, na mhudumu hakuruhusiwa kuzichanganya. Ya kunawia mikono ilikuwa na klorini ya asilimia 0.05, ya sakafu, vyombo na vitambaa vilivyochafuliwa ilikuwa na asilimia 0.5, mara kumi zaidi. Kwa Javel ya asilimia 5, hesabu ni nyepesi: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji kwa ajili ya sakafu, kikombe kimoja kwa tisini na tisa kwa ajili ya mikono. Lakini klorini haiji kwa sura moja. Ipo ile ya unga, HTH, ambayo nguvu yake hufika asilimia 70, na gramu saba tu katika lita moja ya maji zinatosha kutoa ile dawa kali ya sakafu. Sasa chukua video inayosema "weka vijiko viwili vya klorini" bila kutaja kama ni unga au maji. Uzito kwa uzito, unga umebeba klorini mara kumi na nne kuliko Javel ya maji. Mama wa Kimemi, Butembo, mwenye unga na mama wa Mulekera, Beni, mwenye chupa wamesikiliza shauri moja, na mmoja wao ataamka na ngozi ya mikono iliyobabuka.

Baada ya kipimo, video hupoteza utaratibu. Wahudumu wa afya walirudia hadi watu wakachoka kwamba uchafu huondolewa kwanza kwa sabuni na maji, ndipo klorini ifuate. Sababu yake haina fumbo: klorini haichagui adui. Ikikuta damu, matapishi, udongo au mafuta, inajimaliza hapo hapo kabla haijakifikia kijidudu. Kwa hiyo anayemwaga Javel nyingi juu ya sakafu yenye matope amenunua harufu tu. Pia inahitaji dakika zake kabla ya kufutwa, na ikiachwa juani kwenye ndoo isiyo na kifuniko hudhoofika, ndiyo maana ilitengenezwa upya kila siku. Hayo yote hayapendezi machoni. Kinachopendeza ni povu. Mimina siki au maji ya ndimu juu ya bikaboneti, povu litapanda kwa kishindo na mtazamaji ataapa kwamba uchafu umetoroka. Kumbe tindikali na bikaboneti vimeuana vyenyewe kwa vyenyewe. Kilichopanda ni hewa ya kaboni, na kilichobaki chini ni karibu maji matupu yenye chumvi kidogo. Hapo hasara ni ya mfuko peke yake. Hasara ya mwili huanza siku mtu anapodhani kwamba kila povu ni nguvu, akahamishia mchezo huo kwenye Javel.

Javel ikikutana na tindikali, iwe siki, ndimu au ile dawa kali ya kuondoa kutu chooni, hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, kuua askari ndani ya mahandaki. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na hutokea pia mkojo unapokaa na kuoza chooni, hutoa gesi nyingine zinazounguza macho, koo na mapafu. Kiasi cha nyumbani ni kidogo kuliko cha vitani, lakini na chumba cha nyumbani ni kidogo kuliko uwanja wa vita. Butembo iko juu milimani na asubuhi zake ni za baridi. Watu hufunga milango na madirisha. Choo cha ndani kisicho na dirisha, mama ameinama usawa wa ndoo, mtoto mwenye pumu amesimama mlangoni: gesi hiyo haihitaji kuwa nyingi. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, pale pale alipo aliyeinama na mtoto anayetambaa.

Asiseme mtu kwamba haya huwapata wasiosoma. Mwaka 2020, hofu ya korona ilipoenea, vituo vya sumu vya Marekani vilipokea kati ya Januari na Machi taarifa 45,550 za watu waliodhuriwa na dawa za usafi na za kuua vijidudu, ongezeko la asilimia 20.4 kuliko miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia. Mwezi Mei, taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia udhibiti wa magonjwa iliwahoji watu wazima 502. Asilimia 39 walikiri kufanya jambo la hatari kama kuosha chakula kwa Javel au kujipaka mwilini dawa ya sakafu. Huko Iran, mamia walikufa baada ya kunywa methanoli kwa uvumi kwamba pombe inafukuza korona. Kinachowaunganisha watu hao ni hofu pamoja na shauri lililofika haraka kuliko maelezo yake, wala si ujinga.

Na hofu pamoja na shauri la haraka ndivyo tunavyovifahamu kuliko wengi. Septemba 2018, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo, asilimia 25.5, waliamini kwamba Ebola haipo, asilimia 31.9 tu ndio waliokuwa na imani na viongozi wa mahali. Waliokosa imani na waliopokea uvumi ndio waliosita pia kufuata kinga na kukubali chanjo. Somo lake linavuka Ebola. Mtu hapimi habari kwa elimu ya kemia. Huipima kwa sura ya aliyeileta. Video ya Javel na ndimu inafika kupitia kundi la kwaya, la familia au la wamama wa sokoni, imetumwa na dada anayeaminika ambaye naye aliipokea kwa mwingine. Mwenye kutengeneza video anatafuta watazamaji, na dada anatafuta kusaidia. Nia njema ya wa pili ndiyo inayobeba mzigo wa wa kwanza hadi jikoni.

Wapo watakaosema kwamba mashauri haya ni msaada wa maskini: dawa za dukani ni ghali, na maandishi yake mara nyingi ni ya lugha asiyoisoma mnunuzi. Ni kweli, na kwa sehemu kubwa naungana nao. Ndimu peke yake huondoa madoa ya chokaa, majivu yanasugua sufuria, sabuni ya kawaida inatosha kwa kazi nyingi za nyumba. Unafuu haumo katika kuchanganya. Anayechanganya hutumia dawa mbili mahali pa moja. Wengine watasema: tumefanya hivyo miaka, hatukufa. Walifanyia uani penye upepo, kwa Javel ya kupimiwa iliyokwisha kudhoofika. Siku watakapopata chupa mpya na choo kilichofungwa, mazoea ya jana hayatawalinda.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaouliza kwa nini wawasikilize wataalamu, ikiwa Riposte, ule mpango wa kupambana na Ebola, ilikuja na magari, ikapuliza na kuondoka, na watu wakaiita biashara ya Ebola. Malalamiko hayo yana msingi. Na wakati wa korona miji mingi duniani ilinyunyizia barabara na hata watu dawa, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoonya mwezi Mei 2020 kwamba kupuliza barabara hakusaidii na kumpulizia mtu kunamdhuru. Lakini kosa la mtaalamu aliyeamuru bila kueleza halisahihishwi kwa kumtii mwenye video ambaye naye anaamuru bila kueleza. Wote wawili wadaiwe kitu kimoja: kiasi gani, kwa kazi gani, na kwa sababu gani. Kufunga mitandao pia si jibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, ambao Beni na Butembo zilizuiwa kushiriki kwa kisingizio cha Ebola, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu, na uvumi ulitembea kwa miguu yake.

Jibu liko karibu zaidi. RECO, yaani wahudumu wa afya wa jamii, waliopita nyumba kwa nyumba wakati wa Ebola wanazijua zile ndoo mbili. Wapewe kazi ya kueleza na zile ndoo za nyumbani. Radio Moto na Radio Okapi zinaweza kutangaza kipimo kama zinavyotangaza habari nyingine. Muuzaji anayepimia Javel kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa abandike karatasi, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Na mtu akimeza Javel, asitapishwe wala asinyweshwe mafuta ya mawese, maana yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya pamoja na ile chupa. Akivuta gesi, atolewe nje penye hewa kwanza, mengine baadaye.

Kwa wewe unayesoma ukiwa na simu mkononi, ombi ni dogo. Video ikikuonyesha povu na weupe bila kukutajia kipimo, bila kukuambia kipi kisichanganywe na kipi, usiitume mbele. Javel iende na maji peke yake.