AKILI BANDIA: MGENI HUYU APEWE JEMBE

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe, la hasha! Walitaka tu akishashiba, naye atoke shambani pamoja na wenyeji. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nanyi walimu wetu wapenzi, leo nataka kuzungumza juu ya mgeni mmoja aliyepokelewa kwa vifijo na nderemo. Jina lake ni akili bandia.

Siku hizi ukikaa na vijana utasikia kwamba mgeni huyu ndiye atakayetuokoa na mabadiliko ya tabianchi. Siwapingi kabisa. Mnamo Novemba 2023 wataalamu wa Google DeepMind walichapisha habari za programu iitwayo GraphCast, ambayo hutabiri hali ya hewa ya siku 10 kwa muda usiofika dakika moja. Awali kazi hiyo ilihitaji kompyuta kubwa mno zihangaike kwa masaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini je, mgeni huyu anakula nini? Wengi hudhani anaishi hewani, au ndani ya simu tu. Sivyo. Anaishi katika majumba makubwa yaliyojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Kompyuta hizo hupata joto, na lazima zipozwe, aghalabu kwa maji mengi. Shirika la Kimataifa la Nishati lasema kuwa mwaka 2024 majumba ya data yalitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na lakisia kwamba kiasi hicho kitazidi maradufu kufikia 2030. Google wenyewe walieleza kuwa gesi chafu zao ziliongezeka kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023. Daktari gani huyu anayetibu homa huku akiwasha moto chini ya kitanda?

Tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mei 2024, Rais wetu alipozuru Marekani, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga jumba la namna hii Olkaria, kule Naivasha, litumie umeme wa mvuke wa ardhini. Ilisemwa litaanza na megawati 100, kisha laweza kupanuliwa hadi megawati 1,000. Sasa pigeni hesabu nami. Mwaka huo mitambo yote ya mvuke nchini haikufika megawati 1,000. Nayo nchi nzima, jioni kila mtu akiwasha stima, ilihitaji karibu megawati 2,200. Yaani jumba moja lingeweza kula karibu nusu ya kinachotosha Kenya nzima!

Mwenzangu mmoja darasani aliniambia, "Wewe wacha wasiwasi, mvuke ni safi." Kweli, ni safi. Lakini akipewa mgeni, sisi tutawashiwa nini? Jioni mahitaji yakizidi, mitambo ya mafuta huwashwa. Basi mgeni atakula umeme safi, nasi tubaki na moshi, kisha ulimwengu umsifu yeye. Sisi wa shule ya kutwa twajua vizuri: stima ikipotea saa moja jioni, kazi ya ziada hufanywa kwa koroboi.

Na huo utabiri nao unamfikia nani? Kabla ya masika ya 2024, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba mvua itakuwa nyingi. Hata hivyo, tarehe 29 Aprili maji yalivunja njia chini ya reli karibu na Mai Mahiu, yakasomba makumi ya watu waliokuwa wamelala. Habari za mvua zilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kuzibua njia ya maji, na sauti ya kuwaambia majirani, "Ondokeni leo." Kompyuta haiwezi kushika sururu.

Kwa hivyo naona mgeni apewe jembe lenye makali matatu. Kwanza, anayejenga jumba la data alete umeme wake mpya na safi, iwe ni kwa kuchimba visima vya mvuke au kuweka sola, asichote kwenye sufuria yetu. Pili, kila mwaka atangaze hadharani ametumia stima na maji kiasi gani. Tatu, utabiri wake utolewe bure, kwa Kiswahili na lugha za mashambani, umfikie chifu na mama aliye kando ya mto.

Akikubali hayo, karibu sana, atukute tukilima. Akikataa, tujue amekuja kula tu. Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami achukue kalamu, tukutane katika toleo lijalo.