Dawa Bila Maelezo ni Nusu ya Haki

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hutoka zahanati na bahasha iliyoandikwa "1×2". Kwa muuguzi, maana yake ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kwa mzee wa Ufipa aliyetembea tangu alfajiri, yaweza kuwa vidonge viwili kwa mara moja. Akirudi hali imekuwa mbaya, huitwa mkaidi. Twauliza: ni mkaidi, au hakuelezwa?

Magonjwa haya hayamalizwi kwa dozi ya siku tatu kama malaria. Shinikizo la damu aghalabu haliumi. Mgonjwa hujiona mzima, huacha dawa, na siku moja aweza kupooza upande mmoja wa mwili. Kwa hiyo ujuzi wa mgonjwa mwenyewe ni sehemu ya tiba. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika huduma za afya yao. Atashirikije asiyeelewa?

Ndugu wauguzi wa vijijini, twaujua mzigo wenu: foleni ni ndefu na mikono ni michache. Hata hivyo twawasihi jambo moja lisilohitaji fedha. Kabla mgonjwa hajaondoka, mwambieni: "Nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, dawa hii utaimezaje?" Akikosea, elezeni upya, hata kwa Kifipa. Chumvi msiitaje kwa gramu, bali kwa kijiko na kwa samaki mkavu aliyetiwa chumvi. Naye apikaye nyumbani aitwe asikilize.

Mfano tunao. Adrian Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akahudumu huko hadi kufa kwake mwaka 1956. Alikuwa daktari na katekista pia. Kwake kutibu na kufundisha hazikuwa kazi mbili. Hospitali iliyopo mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Jina hilo latudai sote.

Nanyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mpeni muuguzi nusu saa katika mkutano wenu kila mwezi. Wafahamuni wagonjwa wenu wa muda mrefu. Msiwaulize tu kama wanaumwa. Waulizeni kama dawa imekwisha, na kama nauli ya kufuata nyingine ipo.

Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza mara ya pili. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.